Mgeni Asiyepiga Hodi

Fungua kiganja, Mama Ithungu. Hivyo.
Hesabu moja. Basi, ameshapita.
Hukumwona. Hata mimi sikumwona.
Katoka juu ya mawingu ya Rwenzori,
kaingia kwa ngozi, katokea upande wa kucha,
kaendelea na safari yake ndani ya udongo
bila hodi, bila samahani.

Profesa kasema nifasiri. Nafasiri.
Kwa Kiswahili, maana ndicho kilichobaki Kilembe
mgodi ulipofungwa: lugha ya zamu na winchi,
tuliyogawana na waliotoka Kongo
kama tulivyogawana chumvi.

Jina lake muoni.
(Mzee Masereka, miaka kumi na tisa chini ya mlima huu,
akacheka mpaka akakohoa: "Muoni anaona nini?")
Haoni kitu, mzee. Sisi ndio tunaona kwa yeye.

Mbali huko, labda nyota ililipuka.
Punje yake ikakimbia miaka isiyosemeka
ikaja kuigonga hewa yetu, na hapo hewa ilipopasuka
akazaliwa, kilomita kumi na tano juu.
Umri wake? Katakata sekunde vipande milioni,
mpe viwili. Ndiyo maisha yote.
Kwa hesabu hiyo angefia angani,
asiione hata theluji ya kileleni.
Lakini anafika.
Anakimbia karibu sawa na mwanga,
na saa ya anayekimbia hivyo, tukiitazama sisi,
huenda polepole.
Si hadithi. Imepimwa, ikapimwa tena.

"Kwa hiyo nikikimbia sitazeeka?"
Utazeeka, mama. Kimbia hadi Hima na kurudi
kila siku uliyopewa na Mungu,
utaokoa muda usiotosha kupepesa jicho,
na magoti yatakudai zaidi.

Sasa sanduku.
Halina bomu. Halitafuti dhahabu
(nimeulizwa mara tatu tangu asubuhi).
Ndani mna vibao vya plastiki. Muoni akipita
kibao kinametameta, cheche hafifu kuliko ya kimulimuli,
na waya unaandika: mmoja.
Mmoja.
Mmoja.
Mwamba mnene huwala wengi;
palipo na uwazi, wengi zaidi wanapona.
Mnajua kupima yai kwa mshumaa,
kutazama kama mna kifaranga?
Mlima ni yai. Mshumaa ni mbingu nzima,
na huo hauzimiki umeme ukikatika.

Usiku arobaini na mmoja tulikesha kwenye mdomo wa shimo,
popo wakitupita masikioni,
Nyamwamba ikinguruma bondeni, mto uleule
unaojua njia ya kuingia majumbani mwetu.
Tulitaka kujua maji yamejificha wapi humo ndani
kabla hayajaamua kutoka.

Jana picha ikaja. Si ya kutundika sebuleni:
madoa ya kijivu, na doa moja jeupe
pale ambapo ramani ya kampuni inasema mwamba mtupu.
Profesa akasema huenda tumekosea hesabu.
Masereka akavaa miwani iliyofungwa uzi,
akaweka kidole.
"Hapa tulikuwa tunakula. Tulipachimba wenyewe,
zamu ya usiku, bila ruhusa. Mna benchi.
Bwambale aliandika jina la mkewe ukutani,
na akalikosea."

Hakuna aliyesema kitu.
Profesa akafuta neno alilokuwa ameandika.

Chumba hicho kimejaa hewa au kimejaa maji?
Hatujui. Kwa waliohesabiwa mpaka leo
tofauti ni unyoya. Inataka usiku sitini mingine,
na dizeli ya jenereta, na barua ya kuomba fedha
ambayo haijajibiwa.

Mama Ithungu ana mteja anayesubiri chenji.
Hajali. Kiganja bado kiko wazi,
noti imebanwa kwapani:
"Huyu?"
Labda.
"Na huyu?"